Haki Kwanza, Hela ya Soda Baadaye



Vijana wenzangu, hapa Mwanza kuhama kuna jambo lake. Nyumba nyingi za Mabatini, Igogo na Bugarika zimejengwa mlimani, katikati ya mawe. Kirikuu inaishia chini barabarani. Friji, kitanda na makochi vinapanda kwa migongo ya watu. Mzigo ukishafika ndipo tunajiuliza: hawa jamaa niwape hela ya soda, au bei tuliyopatana inatosha?

Mimi naona tuanzie nyuma kidogo. Tuseme mlipatana 30,000, ukawaambia gari linafika mlangoni. Kumbe kuna mlima wa dakika kumi! Ukiwaongeza 10,000, hapo hujatoa bakshishi, umelipa deni. Kazi imeongezeka, na ujira uongezeke. Usiuite wema wako.

Kanisa linatufundisha hivyo hivyo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1965 juu ya utume wa walei, unatuonya tusitoe kama zawadi ya upendo kile ambacho mtu anatudai kwa haki. Naye Papa Leo XIII, katika Rerum Novarum ya mwaka 1891, alifundisha kwamba mapatano peke yake hayatoshi: mtu akikubali malipo duni kwa sababu ya shida, ameonewa.

Kwa hiyo, ndugu yangu, mnapopatana bei sema ukweli wote: mlima, ngazi, friji. Wakimaliza, lipa palepale. Kumbukumbu la Torati 24 inaagiza kibarua alipwe siku hiyohiyo, kabla jua halijazama. “Nitakurushia kesho kwenye simu” haipiki ugali wa leo.

Haki ikishatimia, sasa toa hela ya soda kwa moyo mkunjufu. Si lazima iwe nyingi. Mpe kila mmoja mkononi mwake, maana ukimkabidhi mwenye gari peke yake, huenda wabebaji wasiione. Huna kitu? Maji ya kunywa na asante ya kweli vinatosha, wala usijihukumu.

Yesu mwenyewe alikuwa fundi. Anaijua jioni ya mtu aliyechoka, anayesubiri alipwe arudi nyumbani.

Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, utuombee tuwe watu wa haki na wa shukrani. Amina.