Sarafu ile ilinunua nini?

KIJANA akitaka kufungua kibanda cha gemu mtaani, na akawa ni mtu anayeogopa kula haramu, ataambiwa moja kati ya maneno mawili. Wapo watakaomwambia kuwa huo ni mchezo tu, watoto wanaburudika, yeye analipwa, sasa tatizo liko wapi? Na wapo watakaomwambia aachane nayo kwa kuwa hiyo ni kamari. Kwa maoni yangu majibu yote mawili yanatolewa kwa haraka mno. Hakuna anayeuliza swali ambalo muuza nyanya wa sokoni huulizwa kila siku: mteja ametoa fedha yake, je, amepewa nini, na kwa kipimo gani?

Swali hili si geni. Lilizuka kwa ukubwa wake huko Marekani na Japan katika miaka ya 1970 na 1980, pale mashine za michezo za kutumbukiza sarafu zilipokuwa zimejaa katika baa, migahawa, maduka na kumbi zilizofunguliwa kwa kazi hiyo tu. Wanaozikumbuka leo ni watu wazima wenye wajukuu, na wengi wao husimulia kelele, taa na marafiki. Mimi naomba tuitazame ile sarafu.

Mwaka 1972 kampuni changa ya Atari iliweka mashine ya majaribio ya mchezo wa Pong katika baa iitwayo Andy Capp's Tavern, mjini Sunnyvale, California. Haukupita muda wenye baa wakapiga simu kuwa mashine imekufa. Al Alcorn, fundi aliyeiunda, alipokwenda kuifungua hakukuta kifaa kilichoungua. Alikuta chombo cha kupokelea sarafu kimejaa mpaka hakuna nafasi ya sarafu nyingine kuingia. Mwaka 1978 kampuni ya Taito ya Japan ikatoa Space Invaders, kazi ya Tomohiro Nishikado, na huko sarafu iliyoliwa ilikuwa ya yen 100. (Husimuliwa sana kwamba mchezo huo ulisababisha uhaba wa sarafu nchi nzima. Waliochunguza wameikanusha habari hiyo, lakini hadithi tamu haifi kwa kukanushwa.) Mwaka 1980 Namco ikaleta Pac-Man. Kufikia Januari 1982 jarida la Time la Marekani liliandika kwamba katika mwaka 1981 peke yake Wamarekani walitumbukiza sarafu bilioni 20 za senti 25 katika mashine hizi. Hizo ni dola bilioni 5. Haba na haba, wahenga walisema, hujaza kibaba.

Sasa tufanye hesabu za mwenye mashine, kwa sababu maadili ya biashara yoyote yamejificha katika hesabu zake. Mashine moja ilinunuliwa kwa kiasi cha dola 2,000 hadi 3,000. Tuchukue 2,400. Kwa senti 25 kila mchezo, zinahitajika sarafu 9,600 ili fedha yake irudi. Lakini kwa kawaida mwenye mashine hakuwa mwenye mgahawa, na desturi ilikuwa kugawana mapato nusu kwa nusu. Basi zinahitajika sarafu 19,200 kabla ya kupata hata senti moja ya faida. Mchezo mmoja ukichukua dakika tatu, mashine isiyopumzika inaingiza dola 5 kwa saa. Mtoto mmoja akijua kuifanya sarafu yake idumu saa nzima, mashine ileile imeingiza senti 25.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Hii ilikuwa biashara ambayo mteja hodari ni hasara. Kinyozi hapati hasara kwa mteja kuwa mzoefu wa kunyolewa, na mama ntilie hafilisiki kwa kuwa mteja amejifunza kula. Lakini mwenye mashine alikula kwa kushindwa kwa mchezaji. Kila aliyejifunza alikuwa anamtoa tonge mdomoni. Mchezo wa Asteroids, uliotoka 1979, ulikuwa na mwanya ambao wachezaji waliugundua: wakibakiza jiwe moja tu na kuvizia chombo kidogo cha adui pembeni, waliweza kucheza kwa saa nyingi. Wenye mashine walilalamika. Mwaka 1982 mvulana wa miaka 15 huko Marekani aliucheza mchezo huo kwa zaidi ya siku mbili mfululizo kwa sarafu moja. Mwenye mashine alipata senti 25.

Je, mvulana yule alidhulumu? Hapana. Alinunua haki ya kucheza mpaka ashindwe, na hakushindwa. Huo ndio uliokuwa mkataba. Na kwa kweli mkataba ule ulikuwa na uadilifu wa aina yake, maana maskini mwenye sarafu moja na bidii aliweza kupata zaidi ya tajiri mwenye mfuko mzito asiye na subira ya kujifunza. Ni mahali pachache sana ambapo fedha inanyamaza mbele ya ujuzi namna ile.

Lakini mwenye mashine naye ana watoto wa kulisha. Afanye nini? Alikuwa na njia mbili, na nakuomba ndugu msomaji uzitofautishe.

Njia ya kwanza ilikuwa kupandisha bei waziwazi: sarafu mbili kwa mchezo mmoja, mchezaji anajua kabla hajatoa fedha. Hiyo ni bei, na bei ni makubaliano. Asiyetaka anaondoka na sarafu yake.

Njia ya pili ilikuwa ndani ya kabati. Kwenye sakiti za mashine hizi kulikuwa na vijiswichi vidogo. Katika Pac-Man, kwa mfano, swichi hizo ziliamua mchezaji aanze na roho ngapi: moja, mbili, tatu au tano. Ziliamua apate roho ya nyongeza akifikisha pointi 10,000, 15,000, 20,000, au asipate kabisa. Na mchezo wenyewe uliweza kuwekwa katika ugumu wa kawaida au mkali zaidi. Mwenye mashine anafungua mlango, anabonyeza, anafunga. Kabati ni lilelile, picha ni zilezile, bei ni ileile. Kilichopungua ni kile ambacho sarafu inanunua.

Kila aliyewahi kununua unga au mchele kwa kopo anaujua mchezo huu. Kopo ni lile la jana, bei ni ya jana, lakini kitako kimegongwa kwa ndani kikapanda juu. Ukilitazama kwa mbele limejaa hadi kilele. Ndani ya Qur'an ipo sura nzima iliyopewa jina la wanaopunja vipimo, Suratul Mutaffifin, nayo haikushughulika na kama kinachopimwa ni ngano au ni tende. Sioni kwa nini burudani iondolewe katika hukumu hiyo. Kama burudani inauzwa, basi ina kipimo, na kipimo kinaweza kupunjwa.

Atasimama mtu na kusema kuwa mchezaji hakuuziwa dakika, aliuziwa ushindani, na ushindani ukiwa mgumu si dhulma. Mwalimu akitunga mtihani mgumu hajamwibia mwanafunzi ada. Hoja hii ina nguvu na sitaipuuza. Nakubali kwamba mashine iliyotoka kiwandani ikiwa ngumu haina lawama. Nakubali pia kwamba idadi ya roho ilionekana kwenye kioo, hivyo aliyeanza na roho mbili alijua baada ya sarafu ya kwanza, na ya pili akaitoa akiwa na macho. Ninachokikataa ni ule ugumu uliobadilishwa usiku ili aliyekuja jana arudi leo akidhani ananunua kitu kilekile. Mwalimu anayebadili silabasi usiku wa kuamkia mtihani, ili wanafunzi wafeli na walipe tena, hatumwiti mwalimu mgumu. Ana jina lake.

Wakubwa wa dunia walipojaribu kuzihukumu mashine hizi mara nyingi walihukumu jina. Jiji la New York lilipiga marufuku mashine za gololi ya chuma mwaka 1942, na Meya Fiorello La Guardia akapigwa picha akizivunja kwa nyundo. Hoja yake ilikuwa kwamba zinapora sarafu za watoto wa shule. Wengi wanamcheka leo, lakini mimi naona kwa wakati wake alikuwa na haki kubwa. Mashine za enzi hizo hazikuwa na vile vikono viwili vya kuirudisha gololi juu. Ukishaiachia, kilichobaki kilikuwa zaidi ni bahati. Vikono vilikuja 1947, na kampuni ya Gottlieb, katika mashine iitwayo Humpty Dumpty. Tangu hapo kilikuwa kitu kingine chenye jina lilelile, na marufuku ikaendelea kwa miaka mingine 29. Mwaka 1976 Roger Sharpe aliitwa mbele ya madiwani acheze, akatangaza kabla ya kupiga ni njia ipi gololi itapita, ikapita. Marufuku ikaondolewa. Rais Marcos wa Ufilipino naye alizipiga marufuku mashine za video mwaka 1981. Mwaka huohuo muswada wa kuzidhibiti uliletwa katika Bunge la Uingereza ukashindwa kwa kura 114 kwa 94. Mjadala ulikuwa mkali, lakini ulihusu zaidi utoro shuleni na uraibu. Vile vijiswichi havikupata wa kuvisemea.

Kisha yakaja mabadiliko ambayo kwa mtazamo wangu ni makubwa kuliko yote, na yalikuja kimya kimya. Katikati ya miaka ya 1980 mashine zilianza kumwambia aliyeshindwa: tia sarafu nyingine uendelee hapohapo ulipofia. Mwaka 1985 Atari Games ilitoa Gauntlet, ambamo uhai wa mchezaji ulipungua kwa kupita kwa muda tu, hata akisimama bila kuguswa na adui, na sarafu ikawa ndiyo chakula. Hakuna kopo lililogongwa kitako hapa, kila kitu kinaonekana. Siwezi kusema ni wizi. Lakini ule uadilifu wa zamani uliondoka, kwa sababu sasa aliyefika mwisho si lazima awe aliyejifunza, ni aliyekuwa na sarafu nyingi mfukoni. Fedha iliyokuwa imenyamaza ikaanza kusema.

Ulipotoka Street Fighter II mwaka 1991, ukumbi ulirudi kidogo katika hali ya mwanzo. Wawili wanapigana, mshindi anabaki, aliyeshindwa anatia sarafu nyingine au anampisha wa nyuma yake. Wapo watakaoona harufu ya kamari hapa, kwamba mshindi anacheza kwa fedha ya aliyeshindwa. Sikubaliani nao. Mshindi haondoki na fedha ya mtu. Sarafu zote zinaingia kwa mwenye mashine, na kila aliyetia amepata pambano lake. Maysir iliyokatazwa katika Suratul Maida aya ya 90 ni jambo jingine, ni fedha inayotolewa kwa kutarajia kuvuna ya mwenzako kwa bahati.

Leo kumbi zile kwa sehemu kubwa zimekufa, lakini sarafu haikufa, imehamia kwenye simu. Gemu linapakuliwa bure, kisha linauza nguvu, silaha, au maboksi yaliyofungwa ambayo mnunuzi hajui ndani yake mna nini. Mwaka 2018 wasimamizi wa michezo ya kubahatisha wa Ubelgiji walitamka kwamba maboksi hayo ya kulipia, katika magemu kadhaa waliyoyachunguza, ni kamari kwa sheria yao. Mtu aliyezoea masuala ya gharar hahitaji kusubiri Ubelgiji.

Na mtaani kwetu ipo ile mashine ya Kichina inayokula sarafu ya shilingi 200, ambayo vijana wameipa jina la dubwi. Kwa mbali inafanana na mashine za akina Pac-Man: kabati, taa, tundu la sarafu, kelele za kuita watu. Ndiyo maana mtu anaweza kudanganyika kuwa ni ndugu yao. Lakini ndani yake kiwango cha kurudisha kwa wachezaji kimeshapangwa, na hakuna mazoezi yatakayokibadilisha. Mvulana wa Asteroids angeicheza siku mbili angetoka maskini zaidi. Hakuna cha kujifunza pale, na asiyeweza kujifunza hawezi kujikinga.

Kwa hiyo kijana wetu wa kibanda cha gemu mwambieni hivi. Ukiuza nusu saa, weka saa ukutani mteja aione. Ukiuza mechi, taja kabla ni ya dakika ngapi, wala usiipunguze foleni ikiwa ndefu. Wakati wa swala funga. Na mtoto akija na noti asubuhi ya siku ya shule, muulize katumwa wapi.

Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote, na haliko kwenye kibanda peke yake. Sheria yetu ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 haimruhusu aliye chini ya miaka 18 kucheza. Lakini dubwi halikai kwenye kasino. Lipo katika duka lilelile ambalo mtoto wa miaka tisa hutumwa chumvi na kiberiti, na sarafu linayokula ndiyo ileile anayorudishiwa kama chenji.