Taa ya Nyonyo

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mafuta ya taa yaliadimika, na pale kwetu Usinge nyumba nyingi zililala gizani. Bibi yangu hakukubali. Alikaanga mbegu za nyonyo, akazitwanga, akazichemsha, akaengua mafuta na kuyatia kwenye kibatari. Moshi ulikuwa mwingi na mwanga haba, lakini nilisomea hapo. Nilijivuna kuwa na bibi ambaye dhiki haimshindi.

Ukubwani nilisoma habari za Wajerumani wawili, Franz Fischer na Hans Tropsch, ambao katika miaka ya 1920 walipata njia ya kutoa mafuta ya magari katika makaa ya mawe. Makaa huunguzwa pamoja na mvuke na oksijeni mpaka yawe gesi, kisha gesi hupitishwa kwenye madini kama chuma, ikageuka mafuta. Nikacheka: kumbe ni kazi ya bibi, ila kiwandani!

Lakini kicheko kilikatika. Afrika Kusini ilianza kutoa mafuta ya namna hiyo Sasolburg mwaka 1955. Nchi za Kiarabu zilipoinyima mafuta kuanzia 1973, na Iran nayo ikaacha kuiuzia mwaka 1979, makaa ya mawe yaliiongezea pumzi serikali ya makaburu. Ndiyo maana wapiganaji wa ANC walivishambulia viwanda hivyo Juni 1980. Dhiki ile ilikusudiwa kuwalazimisha waache dhuluma. Werevu ukawafungulia mlango wa nyuma.

Basi je, werevu ni wema?

Hapo nilimkumbuka baba. Nyuma ya magunia, ndani ya ghala letu, alificha pipa la mafuta ya taa, akilangua usiku chupa kwa chupa kwa wageni wa treni. Majirani walipoona kibatari chetu kikifuka moshi walisema, "Hata hawa hawana." Taa niliyojivunia ndiyo iliyolificha pipa. Mimi nilijua. Nilikuwa na miaka 12, nikaendelea kusoma.

Simlaumu bibi. Alitaka wajukuu wasome, na mafuta ya nyonyo hayana kosa, kama vile makaa ya mawe hayana kosa. Ila tangu hapo, mtu anaposifiwa mbele yangu kwamba amebanwa na bado akapata njia, sikimbilii kupiga makofi. Huuliza kwanza: njia hiyo imemwepusha na giza, au imemwepusha na kulifungua pipa?