Simu Haitaulizwa

Siku hizi mwanafunzi wa uuguzi aweza kubeba kitabu chake mfukoni. Iko programu ya simu iitwayo Safe Delivery App, iliyoanzishwa mwaka 2012 na shirika la Denmark, Maternity Foundation. Huwaonyesha wakunga na wauguzi, kwa picha, namna ya kumsaidia mama anayetoka damu nyingi baada ya kuzaa, au mtoto asiyepumua. Ikiisha kuingizwa katika simu, yatumika hata pasipo mtandao.

Kwa mahali kama Rutshuru hii ni neema. Goma iko mbali kilomita 70 hivi, na vita vimeifunga barabara mara nyingi. Vitabu visipofika, simu imo mkononi.

Lakini yatupasa kuuliza: Je, aliye na maarifa katika simu, anayo kweli? Mama anayetoka damu nyingi aweza kufa kwa muda wa saa mbili. Kukanda tumbo la uzazi, kuchoma sindano ya oksitosini, kuita msaada: hayo yawe yamekwisha kukaa kichwani na mikononi. Mwanafunzi mvivu asemaye, «Simu itanikumbusha,» amekopa deni, na atakayelilipa ni mgonjwa.

Je, simu zikatazwe? La. Kuuliza si ujinga. Muuguzi asiye na hakika ya kipimo cha dawa, naye aona haya kutazama, ameshindwa na kiburi. Afadhali aaibike kidogo kuliko kumdhuru mtu.

Programu hiyo ilijaribiwa magharibi mwa Ethiopia, na matokeo yakatangazwa mwaka 2016. Wauguzi walioipata waliwazidi wenzao kwa maarifa na ustadi. Walakini haikuweza kuthibitishwa kwamba vifo vya watoto wachanga vilipungua kwa sababu yake. Maana kujua ni jambo moja, kuokoa ni jingine. Katikati yahitajika dawa, mikono iliyozoea, na mtu aliye tayari kuamka usiku.

Msamaria mwema alikuwa na mafuta, divai na mnyama wa kupanda. Vyote vilimfaa, lakini aliyeona huruma ni yeye.

Basi, vijana mnaosomea uuguzi, jifunzeni kwa simu mapema, fanyeni mazoezi mbele ya mwalimu, na kitandani pa mgonjwa mtazameni kwanza mgonjwa. Siku ya hukumu simu haitaulizwa neno. Tutaulizwa sisi.