Kibanda Kimechomwa, Nani Alipe?



Mwaka 2015 wengi wetu tulikuwa watoto wa shule. Aprili 26 maandamano ya kupinga muhula wa tatu yalianza hapa Bujumbura, na barabara za Musaga na Nyakabiga zikafungwa kwa mawe na matairi yanayowaka. Mei 13 likaja jaribio la mapinduzi. Ndani ya siku mbili redio kadhaa, RPA na Isanganiro zikiwemo, zilikuwa zimeshambuliwa na kuharibiwa. Redio zinakumbukwa. Swali langu ni la mtu mdogo. Tuseme mama muuza vitenge: kundi limepita, kibanda ni majivu, hakuna aliyeona uso wa mtu. Amdai nani?

Fiqhi inaanza kwa wepesi. Aliyeharibu mali hulipa, hata kama hakukusudia. Katika Suratul Anbiyaa, Nabii Daud na Nabii Suleiman (a.s.) wanahukumu juu ya kondoo walioingia shamba la watu usiku. Lakini kondoo wale walikuwa na mwenyewe. Kundi la watu halina.

Hapo wengine husema ni kadari, mama asubiri. Sikubali. Subira ataichagua yeye, si sisi kumpangia. Alipouawa Abdullah bin Sahl (r.a.) kule Khaybar, muuaji asijulikane na viapo visipatikane, Mtume (s.a.w.) alitoa dia, ngamia 100, wala hakuiacha damu ile ipotee bure. Ile ni damu na hii ni mali, najua, na mwanachuoni anaweza kuivunja qiyasi yangu. Ila maana naiona: ulinzi ni wa mwenye mamlaka, na ukishindwa hasara isimkalie mtu mmoja. Ufaransa nayo, kwa sheria ya 1914, iliwabebesha komine uharibifu wa makundi.

Hata hivyo hazina ikilipa, mtupa jiwe hajasalimika. Haki ya mja haifutwi kwa istighfari peke yake; irudishwe. Irudishwe kiasi gani? Vijana hamsini, kibanda kimoja, kiberiti kimoja. Ustadhi wetu alijibu kwa kanuni ya Majalla: mtendaji akikutana na msababishaji, hukumu humwangukia mtendaji, basi aliyewasha alipe chote. Nikamuuliza kuhusu aliyeleta petroli akijua inakokwenda. Kipindi kiliisha tukiwa bado hapo.