Ni Nani Anayeshika Usukani?



Wapendwa wanandoa, Desemba inapokaribia, nyumba nyingi za Port Reitz na Chaani huanza kufunga mizigo. Baba aliyefanya kazi bandarini mwaka mzima anataka kuwaona wazee wake bara. Mama anapika chapati za njiani. Watoto wanahesabu siku. Safari inaanzia Magongo, inapita Mazeras na Mariakani, hadi Voi na kuendelea. Ni furaha kubwa. Lakini waulizeni watoto wenu wanakumbuka nini juu ya safari iliyopita. Huenda wakajibu, "Baba na Mama waligombana."

Mwaka 1977 Mmarekani Wes Craven alitoa filamu ya kutisha iitwayo The Hills Have Eyes. Ina ukatili mwingi, wala hatuwashauri kuitazama, sembuse watoto. Lakini chanzo cha maafa yake kinatuhusu. Mume na mke wanaoadhimisha jubilei ya fedha ya ndoa yao wanasafiri na watoto wao, mkwe na mjukuu mchanga kuelekea California. Jangwani, mzee wa kituo cha mafuta anawaonya wasiiache barabara kuu. Wao wanaiacha, wakitaka kuutazama mgodi wa fedha. Ekseli ya gari inavunjika. Giza linapoingia, baba, polisi mstaafu aliyezoea kuamuru, anaondoka peke yake kwa miguu kutafuta msaada. Jamaa yake hawakumwona tena akiwa salama.

Angalieni: kabla ya wauaji kutokea, onyo lilikuwa limekwisha kupuuzwa. Ndivyo ilivyo hata kwetu. Mara ngapi mke amesema, "Baba Mwende, umechoka, tupumzike Mtito Andei," naye akajibiwa, "Wewe ulijifunza wapi kuendesha gari?" Na mara ngapi mke amefufua makosa ya mwaka mzima mbele ya watoto, wakati mume anajaribu kulipita lori? Wote wawili wameacha barabara kuu. Aliyezoea kunyamazishwa garini atanyamaza pia juu ya mkopo, shamba na karo, hata anapoona hatari waziwazi.

Sasa ikumbukeni Familia Takatifu. Luka anatueleza katika sura ya pili jinsi Maria na Yosefu walivyotembea siku nzima kutoka Yerusalemu, wakidhani Yesu, mwenye miaka 12, yumo msafarani. Kumbe hayumo! Hakuna safari iliyoharibika kuliko hiyo. Kila mmoja angeweza kumwambia mwenzake, "Nilidhani yuko nawe." Luka haandiki neno hata moja la lawama kati yao. Walirudi pamoja, wakamtafuta pamoja, na baada ya siku tatu wakampata hekaluni. Na Maria alipomweleza Mwanawe uchungu wao, alimtaja Yosefu kwanza, ndipo akajitaja mwenyewe.

Basi, wapendwa, kabla ya kuondoka fanyeni haya:

1. Salini pamoja na watoto gari likiwa bado limesimama.

2. Pataneni mapema mtapumzika wapi. Na mmoja akisema, "Naogopa," mwendo upunguzwe kwanza, maelezo yatafuata.

3. Jambo zito lisubiri hadi mfike, watoto wakiwa wamelala.

4. Mkikosea njia, msitafute mkosaji. Geuzeni gari, mrudi pamoja.

Jioni ya leo, zimeni redio, kisha kila mmoja amwulize mwenzake: "Ni onyo gani ulilonipa mwaka huu nami sikulisikiliza?" Anayeulizwa aseme kwa upole. Anayeuliza asijitetee.

Yesu, Maria na Yosefu wawasindikize kwenda na kurudi. Amina.