Gurudumu na Uhuru wa Kutosheka

Je, uhuru ni wingi wa vya kuchagua? Baiskeli isiyo na gia, itokayo mtaa wa Nyayo Highrise kwenda mtaa wa Kawangware, yajibu hapana. Anayechukua rimu ya aluminiamu, spoki 36 na habu ya kufungwa kwa nati amechagua gurudumu ambalo fundi wa kando ya barabara hulifungua kwa spana moja. Mpinzani atasema huo ni umaskini uliopambwa kwa falsafa, na kwamba kama ni kutosheka tu, rimu ya chuma ni nafuu zaidi. Lakini ikilowa mvua, breki huteleza juu yake. Kutosheka si kuokota cha chini kabisa, ni kujua kiasi. Wala kutosheka si kujitenga: spoki moja ikilegea, jirani zake hubeba mzigo wake mpaka nazo zikatike. Uhuru nao husimama kwa kutegemeana.