Kutu Haisubiri Uzinduzi

Tarehe 25 Desemba 2020 upande wa mbele wa jumba la Beit al-Ajaib, Unguja, uliporomoka pamoja na mnara wake wa saa. Watu wawili walifariki. Jumba lilikuwa likikarabatiwa kwa fedha za Serikali ya Oman, na Maskati, ambako Kiswahili bado kinasemwa katika nyumba nyingi, habari ile ilipokewa kama msiba wa ukoo.

Nawakumbusha hayo wanaoitazama bandari ya Matrah, huko huko Maskati, kama mahali pa sanaa. Mwaka 2014 meli za shehena zilihamishiwa Sohar, na Bandari ya Sultan Qaboos ikaachiwa watalii. Bohari la bandarini lina dari ya juu na sakafu pana isiyokatwa na kuta. Msanii akiingia tu, anaona pa kutundika kazi zake na pa kuweka jukwaa. Nami natamani iwe hivyo. Ila kwanza tuelewe kilichoiangusha Beit al-Ajaib.

Sultan Barghash wa Zanzibar aliijenga mwaka 1883. Kuta zilikuwa za mawe ya matumbawe na chokaa, ujenzi ambao mafundi wa pwani waliujua vizuri. Lakini alitaka kumbi kubwa na roshani pande zote, na hayo yalihitaji nguzo na mihimili ya chuma. Baadaye zikaja taa za umeme na lifti, watu wakastaajabu. Hatari ilikuwa humo humo kwenye chuma. Upepo wa bahari huleta chumvi, chumvi hupenya na unyevu hadi kwenye mhimili, chuma kinashika kutu. Kutu huvimba, na ikivimba hupasua jiwe lililoushika mhimili. Paa likivuja masika mawili matatu, mambo huenda kasi zaidi, na anayepita Forodhani, mbele ya jumba, haoni kitu: anaona chokaa nyeupe.

Jumba lilipona mizinga ya Waingereza mwaka 1896. Likawa ofisi za serikali ya kikoloni, baada ya Mapinduzi likawa chuo cha chama, na miaka ya 2000 likawa makumbusho, na ndani yake ukawekwa mtepe, chombo cha kale cha mbao zilizoshonwa kwa kamba, uliojengwa mahsusi. Yalikuwa makumbusho mazuri. Mwaka 2012 sehemu ya roshani ikaanguka, milango ikafungwa. Kuanzia hapo hadi lilipoporomoka ni miaka minane, na ndiyo inayoniuma. Jengo lilikuwa limeshasema. Kila msimu uliopita uliifanya kazi ya kulitengeneza kuwa ghali zaidi, na ya hatari zaidi kwa mafundi, maana katika jengo lililochoka hata sakafu mbovu huenda ndiyo inayoushikilia ukuta.

Bandari ya Matrah ilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, enzi ya zege na nondo. Nondo nazo ni chuma, na bahari ni ile ile. Kwa hiyo kazi ya kwanza si ya msanifu wa maonyesho. Mhandisi atoboe nguzo, apime chumvi iliyofika kwenye nondo, apande juu ya paa baada ya mvua. Kisha iandikwe katika mkataba nani atalipia paa na rangi ya kuzuia kutu mwaka wa kumi, wakati wafadhili wa uzinduzi wameshaondoka, na fedha hizo zitengwe kabla tiketi ya kwanza haijauzwa.